Kanga za Wajumbe wa Msitu

Iko nchi moja, msiniulize iko upande gani, maana ramani yake imefungiwa kabatini isichakae. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mto, ina mabango mengi, na ina msitu mkubwa uitwao Ng'andu, ambao serikali yake inaupenda kuliko jicho lake la kulia.

Kwenye lango la msitu huo liliwekwa bango lenye maandishi makubwa: MSITU HUU NI MALI YA WANANCHI. Chini yake, kwa maandishi madogo, palikuwa na maneno haya: Mwananchi atakayeingia atashitakiwa kwa kuiba mali ya wananchi. Watu wa kijiji cha Mkongolo walisoma, wakafurahi kwamba sasa nao wana mali, wakarudi makwao. Magogo makubwa yaliendelea kutoka kwa malori, lakini hayo hayakuwa yanaibiwa. Yalikuwa yanapelekwa mjini kuhifadhiwa, kwa sababu mjini ndiko kwenye kuta nene.

Shida ilikuwa kuni. Mwanamume wa Mkongolo huuona moto ukishawaka, akanyoosha mikono akaota. Mwanamke ndiye ajuaye moto ulitoka wapi. Zamani wanawake waliingia msituni asubuhi, wakaokota matawi makavu yaliyojiangukia yenyewe, wakatoka. Lango lilipofungwa, Wizara iliwaeleza kwa upole kwamba matawi makavu ni chakula cha mchwa, na kwamba mama mwenye huruma hawezi kumnyang'anya mchwa chakula. Wanawake wakaona haya kwa ukatili wao wa miaka yote hiyo.

*

Hata hivyo nchi ile haipendi uonevu. Walipokuja wageni kutoka mbali wakauliza, "Mbona wanawake hatuwaoni katika uhifadhi?", Wizara ilijibu palepale: nusu ya kamati ya msitu itakuwa wanawake. Wakachaguliwa kwa makofi. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Bi Siwema, mpishi wa shughuli zote za Mkongolo, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto na mtu akaitika.

Lakini ikaonekana tatizo. Kikao huwa na chakula, na chakula hupikwa na wanawake. Wanawake wakiwa kikaoni, atapika nani? Na kikao kisicho na chakula, katika nchi ile, hakiitwi kikao. Huitwa mkusanyiko usio halali.

Wataalamu walijifungia wakafikiri, wakatoka na ufumbuzi ambao nchi nyingine hazijaufikia mpaka leo. Kila mjumbe mwanamke atawakilishwa na mumewe. Na ili uwakilishi usiwe wa ubabaishaji, mume atajitanda kanga ya mkewe mabegani. Akijitanda, anasema kama mke. Akiivua, anasema kama mume.

Vikao vikapendeza. Mzee Shomvi, mume wa Bi Siwema, alikuwa na kanga ya mkewe iliyoandikwa MZIGO WANGU USIKUUME MGONGO. Alijitanda, akasimama, akakohoa kidogo kwa heshima.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi kama Siwema, naona sisi wanawake tumeridhika kabisa na lango kufungwa."

Kisha akaivua kanga, akaikunja vizuri juu ya goti.

"Na mimi kama Shomvi, namuunga mkono mama aliyetangulia."

Makofi. Siku nyingine Siwema wa Shomvi aliomba wajumbe wapewe na maandazi, Shomvi mwenyewe akasema wanawake wana tamaa, Siwema akasema ametukanwa, na kikao kilichelewa kufungwa kwa sababu Mzee Shomvi alikuwa anavaa na kuvua kanga akijiomba radhi. Mwenyekiti alilazimika kuwapatanisha.

Mwenyekiti huyo alikuwa Bwana Mapuli, Mlinzi Mkuu wa Msitu, mtu wa viatu vizito. Alikuwa mtiifu sana. Neno la mkubwa kwake lilikuwa amri, hata likiwa chafya.

*

Sifa za kamati zikafika mjini. Ikatangazwa kwamba mtafiti, Dokta Nuriati, atakuja Mkongolo kuchunguza mahusiano ya jinsia na madaraka katika uhifadhi. Na Mheshimiwa Gundumu, Waziri wa Misitu, Wanyama na Usawa, atakuja mwenyewe ili mtafiti asipate taabu ya kugundua mambo peke yake.

Bwana Mapuli akawaita wapishi.

"Mama zangu, ugeni huu ni mkubwa. Nataka pilau, mchuzi wa kuku na ndizi za nazi."

"Na kuni?" akauliza Bi Siwema.

"Kuni za nini tena?"

"Za pilau, baba. Mchele hauivi kwa kuoneshwa picha ya Waziri."

"Mambo ya jikoni msiniletee mimi. Mtajua wenyewe."

Bi Siwema alikuwa na yake moyoni. Binti yake Mwamvita alikuwa amejifungua, yuko ndani na kichanga chake, na mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo lirudi na maziwa yashuke. Hilo halina mjadala Mkongolo. Lakini nyumbani walishachoma miguu ya kitanda kibovu, wakachoma mlango wa banda la kuku, sasa wote walikuwa wanakitazama kigoda kwa macho mabaya. Jana yake Mwamvita alikandwa kwa maji ya uvuguvugu, akashinda akitetemeka chini ya mablanketi, na mtoto akinyonya analia kwa kuwa hapati kitu.

Basi alfajiri ya siku ya ugeni Bi Siwema alipita penye upenyo wa uzio, akaokota mzigo wa pilau ya Waziri, na pembeni akafunga kifungu kidogo cha kumkandia bintiye. Alipotoka akakutana na askari wa msitu.

"Mama Siwema, upo chini ya ulinzi."

"Niko chini ya mzigo, baba. Nipishe."

Hakupishwa. Bwana Mapuli alipoletewa habari alifurahi kwanza, maana Waziri akija akakuta hakuna mhalifu, atadhani watu hawafanyi kazi. Bi Siwema akafungiwa kwenye kibanda cha mahabusu, kilichokuwa kimepakana na jiko la kamati. Ikaamuliwa kwamba alasiri msafara wa Waziri ukirudi mjini utaondoka naye, akale jela miezi sita.

Ndipo Bwana Mapuli akakumbuka pilau. Akaomba kuni. Lakini kuni zilikuwa kielelezo cha kesi, zimefungwa utepe mwekundu, na kielelezo hakichomwi mpaka kamati iruhusu. Alijikuna kichwa, akaamua kwamba Mungu ni mkubwa.

*

Gari la utafiti lilifika mapema. Wa kwanza kushuka alikuwa dereva, Bwana Kizito, mtu mwenye kitambi cha heshima na koti. Wazee wakamkimbilia.

"Karibu sana Dokta!"

"Hapana, mimi ni de..."

"Unyenyekevu wa wasomi huo! Mpeni soda Dokta!"

Na mtu mwenye soda baridi mkononi hukanusha kwa shida. Nyuma yake akashuka msichana mwembamba mwenye mkoba begani.

"Binti," Bwana Mapuli akamwambia kwa upole, "jiko liko huko nyuma."

"Samahani, mimi ndiye..."

"Usione haya, mwanangu. Wenzako wameshaanza kumenya vitunguu saumu."

Dokta Nuriati akaenda nyuma. Pengine alichoka kubishana, pengine alikuwa na akili. Huko akakuta sufuria kubwa juu ya mafiga baridi, mchele umechambuliwa, kuku wamekatwakatwa, na wanawake wamekaa wamejishika mashavu. Akachukua kitunguu saumu, akaanza kukimenya, ndipo sauti ikamfikia kutoka kwenye kidirisha cha mahabusu.

"We binti, kitunguu hakikabwi hivyo, kinamenywa!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kufanya utafiti, mama. Natafuta mahusiano ya jinsia na madaraka."

Bi Siwema akamtazama kupitia nondo, akawatazama wenzake, akatazama jiko lisilo na moto.

"Basi kaa hapohapo, mwanangu. Umefika."

Wanawake wakacheka mpaka vitunguu vikadondoka. Kisha Bi Siwema akamweleza yote, lango, mchwa, mzigo, na Mwamvita aliyelala akitetemeka.

"Lakini mama, mimi nimeambiwa wewe ni mjumbe wa kamati."

"Ndiyo. Niko kikaoni sasa hivi." Akanyoosha kidole kupitia kidirisha, kuelekea kwenye turubai ambako Mzee Shomvi alikuwa ameketi mstari wa mbele na kanga mabegani, anatafuna karanga. "Mimi ndiye yule pale. Leo nimependeza, sivyo?"

*

Waziri alifika na king'ora, ingawa barabara haikuwa na gari jingine. Alihutubia. Alisema mti ni uhai, na uhai ni mti, na kwamba serikali yake haitarudi nyuma wala kusonga mbele mpaka kila mwanamke aonekane. Wakati anasema pua yake ilikuwa inatafuta harufu ya pilau na haiipati, kwa hiyo kila aya ilizidi kuwa kali.

Alipomaliza, akamgeukia Bwana Kizito.

"Sasa Dokta atuulize maswali yake ya kitaalamu."

Bwana Kizito alikuwa amekunywa soda za kutosha. "Mheshimiwa," akasema, "mimi najua mambo ya breki tu. Dokta ni yule anayekuja."

Watu wakageuka. Dokta Nuriati alikuwa anatembea kuelekea turubai, mikono inanuka vitunguu saumu, kalamu sikioni. Lakini Mheshimiwa Gundumu hakuwa Waziri kwa bahati mbaya. Akacheka kwa sauti kubwa.

"Bila shaka tulilijua hilo! Tulimpeleka jikoni makusudi, akafanye utafiti kwa vitendo!"

Makofi. Bwana Mapuli akapiga makofi kuliko wote.

"Ahsante, Mheshimiwa," akasema Dokta Nuriati. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama kumsikia. "Nina swali moja. Huu uwakilishi wa wake na waume, mwisho wake ni wapi?"

"Mwisho?" Waziri akasimama tena, akafunga kifungo cha koti. "Dokta, uwakilishi wetu hauna mwisho! Andika hivyo. Nchi nyingine mwanamke ameachiwa abebe mambo yake peke yake. Hapa kwetu, hapana! Kiti cha mwanamke anakalia mumewe. Neno la mwanamke anasema mumewe. Furaha yake, mumewe! Uchungu wake, mumewe! Na tabu ikimpata akiwa katika kazi ya kamati, mwakilishi wake ataipokea tabu hiyo kifua mbele! Hilo ni agizo!"

Watu walisimama. Mzee Shomvi alishangilia mpaka karanga zikamwagika.

Bwana Mapuli naye akasimama, mikono imenyooka ubavuni. Agizo lilikuwa limetoka.

"Mheshimiwa, tabu zote?"

"Zote!"

"Basi kwa heshima naomba kutekeleza. Mjumbe Bi Siwema amekamatwa leo na kuni, akiwa katika kazi ya kuipikia kamati. Tumemfungia mahabusu, alasiri aende jela. Kumbe tumekosea, Mheshimiwa. Mwakilishi wake yupo hapa mstari wa mbele."

Mzee Shomvi akaacha kutafuna. Kanga ikamtoka mabegani kwa kasi ambayo hatukujua anayo.

"Mimi ni Shomvi! Jamani, mimi ni Shomvi!"

"Sasa hivi ndiyo," akasema Bwana Mapuli kwa huzuni. "Lakini wakati wa agizo ulikuwa Siwema. Mkutano mzima umekuona."

Waziri akafungua mdomo ili alirudishe neno lake. Akamwona Dokta Nuriati ameitoa kalamu sikioni, anasubiri. Na huko mbali wako wageni watakaoisoma taarifa yake. Mheshimiwa akaufunga mdomo.

"Sheria," akasema, "ichukue mkondo wake."

*

Bi Siwema akatolewa, Mzee Shomvi akaingizwa. Wakapishana mlangoni.

"Mke wangu, waambie basi!"

"Niwaambie nini, baba watoto? Sauti yangu si ndiyo wewe?" Akamwekea kanga vizuri mabegani. "Jitande, humu ndani kuna mbu."

Wapishi walikuwa wamesimama wanatazama. Mmoja wao, mama wa kimya ambaye hatukuwahi kumsikia hata akikohoa, akainua mkono.

"Bwana Mapuli, mimi nami niliingia msituni juzi. Nilichukua kuni za chai ya kamati."

"Na mimi za maharage," akasema mwingine.

"Mimi za maandazi. Tena mbichi, Mungu anisamehe."

Bwana Mapuli akamtazama Waziri. Waziri akatazama angani. Amri ni amri. Wajumbe wenye kanga wakanyanyuka mmoja baada ya mwingine, wengine wakijaribu kuzisukumia kanga chini ya viti, wakaongozwa mahabusu. Kibanda kile kilijengwa kwa ajili ya wezi wembamba. Mwenye tumbo wa mwisho aliingizwa ubavu ubavu, na mlango ukafungwa kwa kusukumwa na bega la askari.

Turubai likabaki nusu tupu. Ndipo tumbo la Mheshimiwa likanguruma, likasikika kwenye kipaza sauti.

"Chakula kiko wapi?"

"Hakuna moto, Mheshimiwa," akasema Bwana Mapuli. "Kuni ni kielelezo. Kamati ndiyo iruhusu."

"Kamati iruhusu basi!"

"Nusu ya kamati iko ndani, Mheshimiwa. Akidi haitimii."

"Nusu gani?"

"Wanawake."

Waziri akapandisha sauti. "Na hao wanawake wenyewe wako wapi?"

Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo Mkongolo. Bwana Mapuli aligeuka kushoto, akageuka kulia, akawaona.

"Hawa hapa, Mheshimiwa. Wamesimama nyuma yako."

"Wakae. Kwa muda tu. Mpaka mchele uive."

Wakakaa. Bi Siwema alikaa kiti cha mumewe, akafagia karanga kwa kiganja, akasubiri.

"Hoja ni moja," akasema Waziri haraka haraka. "Kielelezo kifunguliwe, kipikwe. Wanaokubali?"

"Mheshimiwa, naomba kuongeza," akasema Bi Siwema, na sauti ile ya ng'ambo ya mto ikaamsha kuku waliokuwa hai. "Lango nalo lifunguliwe. Kila asubuhi, kwa matawi makavu."

"Mama, lango na pilau vinahusiana nini?"

"Kuni hizi ni za leo. Mchana utakula, jioni utakuwa mjini. Mimi kesho nina mzazi wa kukanda. Keshokutwa ninaye. Binti yangu yuko ndani anatetemeka na maziwa hayashuki, na mchwa wako wamenenepa." Akaegemea kiti. "Lakini kama jambo ni zito, Mheshimiwa, tuendelee kulijadili. Sisi hatuna haraka. Hatukuzoea kula vikaoni."

Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akavua kandambili, akakunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyepanga kukaa.

Waziri akasema suala hilo linahitaji tume. Bi Siwema akasema tume ni nzuri, ila nayo itahitaji kupikiwa. Waziri akasema msitu ni roho ya taifa. Bi Siwema akasema ni kweli, na Mwamvita naye ana roho. Kutoka kwenye kidirisha cha mahabusu, ambako hewa ilianza kupungua, ikasikika sauti ya Mzee Shomvi.

"Pitisheni! Jamani pitisheni! Lango likifunguliwa si kosa tena, tutoke!"

"Na tunajiuzulu!" akadakia mwingine. "Kuanzia leo mke wangu akae mwenyewe! Mimi uanamke basi!"

"Mimi pia! Chukueni kanga yenu!" Kanga ikasukumwa nje ya nondo, ikaning'inia.

Waziri akatazama saa yake, akatazama sufuria, akamtazama Dokta Nuriati ambaye alikuwa anafungua ukurasa mpya.

"Wanaokubali lango lifunguliwe kila asubuhi?" akauliza kwa unyonge.

Mikono ikapanda. Wanaume waliobaki walitazamana kwanza, halafu wakatazama kibanda, halafu nao wakanyoosha. Bwana Mapuli alinyoosha yote miwili. Waziri, ili historia isimwache nyuma, akatangaza kwamba amekuwa na wazo hilo tangu utotoni, na kwamba kuanzia sasa kila mwanamke wa nchi ile atajiwakilisha mwenyewe. Akamwomba Dokta aandike tarehe.

"Na waume zetu?" akauliza mmoja wa wapishi.

Wajumbe wapya wakashauriana kwa kunong'ona.

"Hilo," akasema Bi Siwema, "litajadiliwa baada ya chakula."

Akainuka, akakata utepe mwekundu kwa meno, akatoa kile kifungu kidogo, akakiweka kichwani.

"Mama, unakwenda wapi?" Waziri alikaribia kulia. "Na pilau?"

"Wenzangu watawasha, Mheshimiwa. Moto si mali yangu peke yangu." Na akaenda zake, asikimbie wala asigeuke nyuma.

*

Mwamvita alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, midomo imekauka, na bibi mkubwa wa jirani ameketi miguuni pake. Alisikia kuni zikivunjwa uani, akasikia maji yakianza kuimba ndani ya sufuria, akadhani anaota. Mama yake akaingia na ndoo inayofuka, kitambaa begani, akachovya kiwiko kuonja joto.

"Mama, ulikuwa wapi tangu alfajiri? Watu wamesema umefungwa."

"Nilikuwa kikaoni."

"Kikaoni, wewe? Wamesema nini huko?"

"Wamesema mengi. Mimi nimesema kidogo." Akakikamua kitambaa, mvuke ukapanda mpaka kwenye makuti. "Mpe mtoto bibi mkubwa hapo amshike, ugeuke. Nianze na mgongo."